Gomboa Mwenyewe

Mbinga, dukani, mlango nimeufunga

Winfrida mwanangu,

Umekwenda kijijini Ruanda kuwaaga wa upande wa baba yako, na ninavyowajua hawatakuachia kabla hujala mara mbili. Nimefunga duka kabla ya saa kumi. Mteja mmoja amegonga, akasema kwa sauti ili nimsikie, "Mama Kifungu leo kasusa hata fedha," akaenda zake. Mashine ya kutolea nakala nimeizima, isinipe sababu ya kuinuka hapa.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za chakula, wala za wanaume wa mpakani. Kama hukuyashika hayo kwa miaka ishirini na mitatu, karatasi haitakusaidia. Na Kasumulu kwenyewe, huko mpakani unakokwenda kuanza kazi, sijawahi kufika, ningekuwa nakubunia. Nina jambo moja tu. Wewe unalijua, mimi nalijua, na mwaka wa pili huu tumeishi nalo kama watu wenye panya aliyekufia darini: harufu wote tunaisikia, ngazi hakuna anayeileta.

Majirani wanadhani tumegombana kwa sababu ya kazi yako. Waache. Ni kweli kwamba siku uliponiambia umepata nafasi kwa wakala wa forodha nilikuuliza, "Kati ya kazi zote za duniani, hiyo?" Ukaendelea kumenya ndizi. Nikasema, "Unakwenda kukaa na wale wale." Ukajibu bila kuinua uso, "Mama, pale kwenye simu lazima akae mtu." Nikatoka uani nikajifanya naanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Halafu juzi akapiga simu mjomba wako Damiani kutoka kwetu Liuli. Alianza na habari za kaburi la bibi yako: kwamba saruji imefika, kwamba Jumamosi ndugu wote watakuwepo kulijengea. Kisha akasema, "Na mwanao nimesikia anakokwenda. Mwambie, akienda kula na watu waliomlaza mama yetu chini, Liuli asikanyage tena. Hata kaburi la bibi yake asilifikie."

Nilikufikishia maneno yake kama tarishi, bila kuongeza wala kupunguza. Hukulia, hukubisha. Ulinitazama ukasubiri, na nilijua unachosubiri: nichukue simu nimwambie kaka yangu ni nani hasa aliyemlaza mama yetu chini. Mimi nikasema chai inapoa.

Kwa hiyo leo naandika. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nataka uyaone kwa mkono wangu, ili siku nikikana uwe na karatasi.

Mjomba wako Oswin ulimjua kwa sauti ya simu tu. Aliondoka kwenda Johannesburg wewe ukiwa unatambaa. Akawa mlinzi kwenye maghala, na kila mwisho wa mwaka alikuwa anakuja kwa maneno. Kifua kilimuua huko, wakamzika huko, kwa sababu kumleta kulikuwa juu ya uwezo wetu sote tukijumlishwa. Mmalawi mmoja waliyekuwa wamepanga naye chumba, mtu ambaye hatukuwahi kumwona, alikusanya vitu vyake kwenye boksi: koti la baridi, suruali, mashati, viatu vya kazini, kitabu cha nyimbo. Akavituma kwa kampuni ya vifurushi kwa jina langu, maana bibi yako hakuwa na anwani yoyote zaidi ya ziwa.

Unajua desturi yetu ya kule ufukweni. Mama aliyefiwa na mwana hapandi kitandani mpaka nguo za marehemu zitandikwe uani, ndugu wagawiwe, matanga yaishe. Oswin hakuwa na kaburi kwetu, kwa hiyo zile nguo ndizo zilikuwa mwili wake. Siku tulipopata habari bibi yako alishuka kitandani akatandika mkeka. Ilikuwa miezi ya mwera, upepo unatoka ziwani unapita chini ya mlango, na yeye miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nilimbembeleza alale hata juu ya godoro. Akasema, "Nyie leteni nguo. Zikifika mimi nitapanda, hamtanisukuma."

Nikamwahidi wiki mbili.

Boksi lilifika Dar es Salaam mapema kuliko nilivyodhani. Kampuni ikatuma karatasi kwenye barua pepe, nikaichapa hapa dukani. Mstari wa kwanza ushuru, nao haukuwa mkubwa. Chini yake mistari ya kampuni yenyewe: huduma ya wakala, huduma ya nyaraka, huduma ya kututangulizia malipo. Ukiijumlisha ile ya chini inaimeza ile ya juu na kucheua. Mimi nikachemka. Nilikuwa na haki ya kuchemka, na hilo sitalifuta hata leo. Hakuna mtu aliyewatuma wanifanyie kazi. Walijituma, wakafanya, wakanidai, na mzigo wakaushika mpaka nilipe.

Ndipo yule binti akapiga simu. Ulikuwepo, unabadilisha wino wa mashine, na simu niliiweka sauti ya juu ili usikie mama yako anavyowanyoosha watu.

"Mama, mzigo wako umefika. Unatakiwa ugombolewe."

"Ugombolewe? Kwani umetekwa?"

"Ni neno la kazi tu, mama."

"Neno la kazi ya nani? Kwetu tunagomboa baiskeli iliyowekwa rehani. Mimi nimeweka nini rehani kwenu?"

"Hapana mama, ni utaratibu. Tunakufanyia sisi ili usisumbuke."

"Na nisipotaka kufanyiwa?"

"Usipotaka, gomboa mwenyewe, mama."

Nilikata simu. Ulisimama na ule mkebe wa wino mkononi, vidole vyeusi, ukasema, "Mama, mbona anakwambia tu kwamba unaweza? Amesema unaweza kugomboa mwenyewe." Nikakujibu, "Nimesikia alichosema. Wewe badilisha wino."

Nilichosikia mimi ni kiburi. Nilisikia binti wa mjini, kiyoyozi juu ya kichwa, akimwambia mwanamke wa Mbinga: shauri yako, nenda ukahangaike. Neno lile lile moja, Winfrida. Wewe ulisikia ruhusa, mimi nikasikia tusi. Na tofauti haikuwa kwenye sauti yake, maana nimeikumbuka mara nyingi na sasa naisikia vizuri: alikuwa amechoka, basi.

Siku ile ile nikaketi kuandika. Unajua ninavyoandika nikiwa na hasira, siinuki hata kwenda haja. Nikaandika kwamba enzi za utumwa watu walitekwa ndipo wakagombolewa, na sasa zimetekwa suruali za maiti. Makala nikaipa jina la maneno ya yule binti. Gazeti likaichapa. Redio ya hapa ikaisoma asubuhi, ikarudia jioni kwa kuombwa. Mji mzima ukalishika neno. Bodaboda ukimwambia akusaidie kushusha gunia, "Gomboa mwenyewe." Mume akiomba maji ya kuoga, "Gomboa mwenyewe." Padre mwenyewe alilitania kwenye tangazo la viti vya kanisa. Watu walikuwa wakiingia dukani kunishika mkono. Nilifurahi, mwanangu. Acha niseme hilo lilivyo: mama yangu amelala kwenye mkeka, na mimi ilikuwa miezi yangu mizuri kuliko yote.

Mjomba wako Damiani alikata ile makala akaibandika ukutani kwake.

Unaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyenizuia. Nani angenizuia? Jina la Mama Kifungu nililipata kwa haki. Hata huko Ruanda ulikokwenda leo wanakumbuka. Babu yako alikuwa ameingia kwenye magoma, ameuza kahawa ingali maua kwa mifuko ya mbolea, na mavuno yalipofika yule mnunuzi akaja na gari kuzoa zote. Mimi nilikuwa mkwe mgeni, na bado sikuwa nimezoea ugali wao. Nikaomba ile karatasi waliyoandikishana, nikasoma kifungu cha tano mbele ya watu, mnunuzi akaondoka na chake tu. Tangu hapo watu wakawa wananiletea karatasi: za mashamba, za mikopo, za talaka. Na mimi tangu hapo nikajua kwamba kati yangu na mnyonyaji yeyote kuna kifungu kimoja tu, na nitakiona.

Ndiyo sababu naona aibu zaidi. Angekosea asiyejua kusoma, ningemtetea.

Siku aliyokuja Mzee Shomari wewe ulikuwa chuoni, kwa hiyo hii hukuiona. Unamjua, muuza cherehani wa karibu na stendi, yule ambaye baba yake alitoka Kilwa na mpaka leo anatuita sisi watu wa bara. Aliingia na bahasha akataka nakala tatu tatu. Natoa nakala, jicho langu linasoma, si unajua siwezi kujizuia. Ilikuwa karatasi ya forodha, ya vipuri vya cherehani kutoka nje. Nikaangalia mahali pa wakala, nikaona jina lake.

"Mzee Shomari, wakala wako nani?"

"Wakala wangu mimi."

"Wanakuruhusu?"

"Dada, kifurushi kidogo changu mwenyewe, anikataze nani? Ningekuwa naleta kontena hapo sawa, ningemtafuta mwenye leseni. Hivi vipuri vinajaa kwenye kapu. Nawaambia kampuni mapema, jamani msiguse, mzigo huo nagomboa mwenyewe. Wananipa hati ya mzigo na ankara, naenda kwa watu wa forodha, naeleza kilichomo, wananikadiria, wananipa namba ya malipo, nalipia kwenye simu hii hii. Basi."

Mashine ilikuwa inaendelea kutoa nakala, ikatoa kumi na mbili badala ya tatu.

Akacheka, mzee yule, akasema, "Kumbe wewe ulikuwa hujui? Mimi makala yako nilidhani ni ya masihara. Yule binti hakukutukana, dada. Alikupa siri ya biashara, na waajiri wake wangemsikia wangemfukuza."

Nikatoa ile karatasi yangu kwenye droo. Akavaa miwani, akaisoma mbele, kisha akaigeuza. Ilikuwa imechapwa pande mbili, na mimi mwenyewe ndiye niliyeichapa. "Hapa nyuma ulisoma?" Nyuma kulikuwa na Kiingereza cha herufi za sisimizi, na katikati ya sisimizi hao sentensi moja: mpokeaji anaweza kutoa mzigo wake mwenyewe, au kumteua amtakaye, mradi aseme ndani ya siku kadhaa. Siku zenyewe zilikuwa zimepita zamani.

"Mama Kifungu," akasema, na safari hii hakucheka, "hiki kilikupita."

Kisha akauliza ndani mna nini. Nikamwambia nguo za ndugu yangu aliyekufa. Akavua miwani. "Uliwaambia ni za marehemu?"

"Hawakuniuliza."

"Wao wameandika nguo. Mtu akiandika nguo, forodha inaona mtumba wa kuuza. Vitu vya marehemu vilivyotumika, vikija kwa mrithi wake, vina mlango wao, havitozwi. Lakini lazima mtu aseme. Sasa nani aseme kama si wewe?"

Tangu binti alipopiga simu mpaka siku ile ilikuwa imepita miezi mitano. Bibi yako alikuwa bado kwenye mkeka.

Nikaanza kukimbia, kama mpumbavu yeyote anavyokimbia baada ya kukaa. Cheti cha kifo kutoka kule kwa Mmalawi, kikaja kwa picha ya simu, hakisomeki, kikaombwa kingine. Barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba mimi na Oswin ni tumbo moja. Mtendaji yuko semina. Mtendaji amerudi, muhuri umebaki Mbamba Bay. Ni katika wiki ya muhuri ndipo bibi yako alipokufa. Asubuhi walimkuta amelala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni. Mganga wa zahanati alisema ni moyo, na umri. Mimi sisemi kwamba mkeka ulimuua. Nasema alikufa chini, na kitanda chake kilikuwa hatua mbili kutoka pale, kimetandikwa.

Baada ya mazishi nilikwenda Dar es Salaam hivyo hivyo, maana sasa yalikuwa matanga mawili. Nilikaa kwenye basi nikijiandaa kwa vita. Nilikuwa na makala mkobani, nikiwa na nia ya kuisoma mbele ya yeyote atakayenizungusha. Hakuna aliyenizungusha. Pale kwenye mizigo ya ndege nilimkuta ofisa wa forodha, kijana mwenye chunusi, akasoma barua ya mtendaji, akasoma cheti, akasema, "Pole sana mama." Tukafungua boksi mbele yake. Akalishika koti kwa mikono miwili, akalirudisha likiwa limekunjwa vizuri kuliko alivyolikuta. Ushuru hakuna. Kampuni ikanidai gharama za ghala za ile miezi yote, na hizo nililipa kimya, zilikuwa za kiburi changu. Saa saba mchana niko nje na boksi kichwani.

Kijana yule alikuwa ameniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, hili lilikuwa jambo la nusu siku. Kwa nini lilikaa hivi?"

Nikamwambia kampuni ilinisumbua.

Hiyo ni mara ya kwanza kuukana ukweli nikiujua. Mara ya pili uliiona wewe. Siku ya matanga, Liuli, nguo zimetandikwa juu ya ule ule mkeka, ndugu wamekaa, na wewe umepewa koti ulishike kwa sababu mjomba wako Oswin alikuwa akikuulizia kila akipiga simu. Damiani akasimama. "Hawa watu wa vifurushi ndio waliomlaza mama chini mpaka akafa. Dada, wewe ndiye mwenye maneno. Waeleze."

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na watu wangu wote mbele yangu, na kusema ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nikasema, "Si mmesikia redioni." Watu wakaguna kwa uchungu, mzee mmoja akatema mate pembeni, jambo likafungwa. Ulikuwa mkono wa kushoto kwangu. Sikukutazama, lakini nilisikia ulivyoacha kupumua.

Kumbe ulikuwa umejua siku zote. Ulijua tangu siku ya wino. Na hukunisema kwa mjomba wako, kwa baba yako, kwa mtu yeyote. Mwanzoni nilidhani ni adabu. Siku uliponiambia umepata kazi ya forodha ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa adabu peke yake. Ulikuwa umechagua jibu lako, na ulikuwa unalisomea.

Sasa nisikilize, na usidhani nimekuja kuwasafisha wale. Haki iliyochapwa nyuma ya karatasi, kwa lugha ya wageni, kwa herufi ambazo bibi yako angedhani ni uchafu, ni haki iliyofichwa. Wameiandika ili mahakamani waseme waliiandika. Wanaishi kwa watu wasiogeuza karatasi, kama mnunuzi wa magoma anavyoishi kwa watu wenye njaa ya mwezi wa pili. Utakaa nao meza moja. Watakufundisha kusema "tunakufanyia sisi ili usisumbuke", na utaona inavyotoka mdomoni kwa ulaini. Nawachukia mpaka leo, na nitaandika tena juu yao, safari hii nikiwa nimesoma pande zote mbili.

Lakini hawakumlaza mama yangu chini. Waliweka mtego mdogo wa fedha, ambao Mzee Shomari anauruka kila mwezi akiwa na kapu mkononi. Mimi niliuona mtego, nikakaa kando yake kuuhutubia.

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote kwenye barabara hii, na sijisifu, ni vumbi la vitabu tu ninalolijua. Tatizo ni namna nilivyosoma. Nimesoma ili nishinde. Mtu anayesoma ili ashinde husoma mpaka pale anapopata silaha, akishaipata anafunga. Ile karatasi niliisoma mpaka kwenye jumla, nikapata silaha yangu, nikafunga. Kama ningekuwa nalitaka boksi ningeigeuza. Nilikuwa nautaka ugomvi. Nimeliandika, na mkono haujakauka.

Na wewe nilikunyamazisha kwa sababu ulikuwa mtoto unayebadilisha wino. Angesema mwanamume wa kikao cha ushirika ningembishia, na katika kubishana labda ningesikia. Wewe sikukubishia hata kidogo. Sijawahi kukuomba radhi kwa lolote, nadhani unalijua hilo kuliko yote. Nilirithi kwa baba yangu, naye hakuwahi. Nakuomba radhi, Winfrida. Ulikuwa sahihi, na ulikuwa sahihi wakati ambapo usahihi wako ungemrudisha bibi yako kitandani.

Kazini kwako sina ushauri, ila ombi. Atakupigia mtu kama mimi. Atakuwa na maneno mengi, atauliza nani ametekwa, atakata simu katikati. Mpigie tena. Mwambie pole pole, kwa lugha ya nyumbani, kwamba mzigo ni wake na anaweza kuutoa kwa mkono wake, na akija na cheti cha kifo mwonyeshe mlango uliko. Wakikufukuza kwa hilo, rudi, duka lipo. Yule binti wa watu simlaumu kwa kusema mara moja tu. Mshahara wake ulikuwa wa mara moja.

Limebaki la kesho. Kesho ni Jumamosi. Basi lako la kupitia Songea linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na gari la Mbamba Bay linaondoka saa hiyo hiyo upande wa pili wa stendi. Baba yako ndiye atakayekubebea begi. Nimemwambia mimi nina safari, akanitazama, akasema, "Ya Liuli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi vaa sweta." Nadhani naye anajua. Nadhani katika nyumba hii mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Ndugu wote watakuwa kaburini. Sitangoja saruji ikauke. Nitasema nilipigiwa simu, niliambiwa naweza, na mwanangu alinieleza maana yake nikamfokea, na mama yetu alikaa miezi mitano chini kwa sababu nilikuwa naandika. Nitasema kwamba redioni nilisema uongo, na juu ya mkeka nikaurudia. Nitamwomba Damiani aibandue ile makala ukutani. Sijui atanifanya nini. Ni mtu wa hasira, na hasira yetu ni ya tumbo moja. Pengine alilokukataza wewe atanikataza mimi, na kaburi la mama yangu nitalionea mbali. Katazo hilo litakuwa limefika kwa mwenyewe.

Usinisubiri stendi, na usimtume mtu anitafute. Basi likisimama Makambako watu wapate kula, mpigie mjomba wako. Usimweleze kitu, usimwombe kitu. Mwamkie tu, "Shikamoo mjomba," kisha unyamaze. Kaka yangu hawezi kumwitikia marahaba mtu aliyemfukuza nyumbani, hajui kuigiza. Ukilisikia hilo neno, ujue nimesema. Usipolisikia, usinipigie mimi.

Mama